Mbuzi wa Akika na Wazazi wa Kambini

Ibra, Sharqiya,
Oman.
16 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Tahani,

Assalaam alaykum. Hujambo huko Bara? Na kifua chako je, vumbi la kambini halijakirudisha? Sisi tu wazima, alhamdulillah. Baridi imeanza kuingia, na Mama goti linamsumbua lakini jikoni hatoki. Mpwa wako Wiam ananyonya, analala, analia, kisha anaanza tena.

Sasa nikwambie ukweli: nimekukasirikia. Uliahidi kuja kunihudumia arobaini yangu ya uzazi. Mtoto huyu nimemngoja miaka tisa, na miaka yote hiyo nilikuwa nakuona wewe ukinipikia uji wa uwatu. Badala yako ukaja ujumbe: wafadhili wamepunguza, wenzako wameachishwa kazi nawe huwezi kuondoka, posho ya wakimbizi imekatwa nusu, na ule unga wa uji wa wanaonyonyesha umesimamishwa. Hayo niliyafahamu. Lakini tangu hapo kila ujumbe ni yule Mkongo wako, Feza. Feza kajifungua mapacha, Feza maziwa hayatoki, umemkanda Feza mgongo. Na mgongo wangu je?

Kisha ukampigia simu Mama, si mimi, ukaomba akika ya mwanangu, mbuzi wa kuzaliwa kwake, ichinjwe huko ili wazazi wa kambini, hao waliojifungua karibuni, wapate nyama. Mama akaitikia hapo hapo. Mume wangu Humaid naye akaitikia. Na huku mbuzi ameshafungwa uani hapa kwetu na majirani wanajua. Aliyezaa hakuulizwa.

Nikasema sitaki. Mama akaniambia, "Alyaa, hebu acha wivu, mwanangu. Nyama hapa nani ana shida nayo? Wallahi friji halifungi!"

Nikamjibu, "Mbona akitaka Tahani, khalas, limepita?"

Nililia, wala sioni haya kukwambia.

Friji kweli halifungi. Kila anayekuja kunitazama ana chombo mkononi: supu ya kuku, asali, samli. Jana Mama kamwaga sufuria zima la supu, imechacha. Mimi nilikuwa nimejilaza, nasikiliza ile sauti uliyonitumia kuniuliza hali, na nyuma yako kuna mtoto analia. Nikairudia. Kilio chembamba, kinakatika katikati. Wangu akilia humwamsha hata muadhini. Nikajua ni mmoja wa mapacha wa Feza, na maziwa yangu yakatoka yenyewe, yakanilowesha nguo.

Basi, akika ichinjwe huko. Humaid atatuma pesa leo, wewe tafuta mbuzi mnono huko; huyu wa uani na abaki. Supu ya kwanza mpe Feza, na umwambie imetoka kwa Alyaa, mzazi mwenziwe. Usimwambie imetoka kwako! Wivu haujaniisha, lakini naweza kukaa nao na Feza akala.

Mama anakusalimu sana, Humaid pia. Mama mdogo Kaltham wa Sur anauliza tena utaolewa lini. Mwenyezi Mungu akulinde wewe na hao unaowalisha, awaongezee pale watu walipopunguza.

Ila kuna jambo moja sikubali. Kichwa cha Wiam hakinyolewi mpaka uje umpakate wewe. Mama ameshaninunia, maana kwake nywele na akika ni siku moja. Na zikue. Ikibidi nitazisuka.

Wako akupendaye, hata anapokuonea wivu,
dada yako Alyaa