Seli Zisizochimba

Jumanne, 7 Mei 2019
Seli za kondo zimechimba! Juzi niliziongezea ule ujumbe wa protini ambao kwa kawaida hutoka kwenye mfuko wa uzazi wa mama. Leo chini ya darubini zimepenya utando wote. Zile nilizozuia zisiupokee zimerundikana juu tu. Ndivyo kondo la nyuma linavyoshindwa kuzama na kupanua mishipa ya mama. Presha inapanda, mtoto anakosa damu. Kama wangu – miezi kumi na moja sasa tangu nimzike.

Nilifurahi nusu saa.

Alhamisi, 9 Mei
Daktari Urquidi, mkuu wetu wa maabara, kawaonyesha wageni picha zangu. Ni matokeo yake yeye, alisema. Mimi ni mikono yake. Mikono! Nikatabasamu kama zuzu, nikawamiminia chai ya majani ya koka.

Jumapili, 12 Mei
El Alto, mjini kwetu mlimani, kwa mama. Mdogo wangu Benita, mimba ya wiki ishirini na tisa, miguu imevimba, viatu havimwingii. Nikampima presha: 160 kwa 110. Nikasema twende hospitali sasa hivi. Mama mkwe wake, doña Saturnina, akaweka kijiko chini. Kwa upole kabisa:

"Unashinda na makondo ya watu, mwanangu. Ndiyo maana lako lilikukataa. Usituletee mkosi huo."

Mama yetu alitazama supu yake. Benita alibaki.

Jumanne, 14 Mei
Kifafa cha mimba. Ameanguka asubuhi jikoni. Wamempasua. Mtoto wa kike, gramu mia tisa, anapumua kwa mashine. Benita hajaamka. Mumewe yuko mgodini Oruro, simu haishiki.

Niko kwenye benchi la wodi. Urquidi kapiga simu. Kanipa pole, pumzi hiyohiyo akataka kondo la Benita, wakati seli zingali hai. Kesi kama hii haipatikani kila siku, eti. Dereva yuko njiani na boksi la barafu.

Doña Saturnina analitaka akalizike uani, mtoto asije akaugua. Lakini hakugomba. Alikaa kando yangu, kofia mapajani.

"Ukilichukua wewe, mjukuu wangu atapona?"

"Hapana, mama."

"Na Benita?"

"Hapana."

"Sasa litamfaa nani?"

Nikasema mwingine. Baadaye. Pengine. Sauti yangu ilitoka kama ya Urquidi.

Nesi kaleta fomu ya idhini ya kulitoa kondo. Ndugu wa karibu asaini, seli zinakufa. Jina langu nimeshaandika. Sahihi bado – doña Saturnina ameushika mkono wangu, hauvuti, ameushika tu.