Bosi Pyo Amempasua Gyuwon Kichwa

Eunsol, shoga, hebu sikia. Bosi Pyo amempasua kichwa Gyuwon, yule fundi wetu wa programu! Kwa rula ya chuma! Mbele ya ofisi nzima!

Katalogi ya vipodozi imetoka kuchapwa, midomo ya wasichana wote zambarau kama ya maiti. Gyuwon akasema taratibu, "Bosi, wewe ndiye uliyeniamuru niondoe kwenye programu ile sehemu ya kugeuza rangi za skrini ziwe za kuchapia. Ulisema inachelewesha kazi."

"Mimi?! Mbwa wewe!" Paa! Paa tena! Damu ikarukia kompyuta.

Nikamrukia bosi. Mimi huyu, shoga! Nikamng'ata mkono mpaka rula ikaanguka.

Polisi walipofika, wakauliza nani ameona. Wenzetu wote wakainamia viatu vyao.

Nikanyoosha mkono, damu ya Gyuwon bado mbichi vidoleni. "Mimi nimeona."