Kengele ya Banda la Kuku

Jumanne

Basi mbwa hanunuliwi hapa, na asiniambie mtu.

Tangu wezi waibe yule jogoo wetu mweupe, Baba haachi kusema: "Mwanangu, achana na hayo matoi, tutafute mbwa." Eti matoi, vitu vya kuchezea! Ni moduli ya simu, kidude chenye laini yake. Mlango wa banda ukifunguliwa, kinapiga simu chenyewe.

Yaani kilitakiwa kupiga. Wiki nzima kinatafuta mtandao, kikikaribia kuupata kinajizima. Nilishaanza kuogopa kwamba nimekiunguza, na sina kingine.

Leo nimeachana na ule waya mwembamba wa chaja uliokuwa unakipa umeme kiduchu. Nikachomoa betri ya kitochi changu cha zamani, ile simu ndogo ya vitufe, nikaiunga na moduli kwa waya mfupi, mnene. Taa ya moduli ikaanza kupepesa taratibu: mtandao umepatikana! Nikafungua mlango wa banda. Kuku wakanitazama. Redio ya Mama jikoni ikakoroma drrr, drrr, kama inavyofanya simu ikitaka kuita, halafu ikatulia. Sikujua kama simu imefika kokote.

Jioni Baba akarudi kutoka kijiweni, amenuna. "Kuna mjinga ananipigia kwa namba ngeni. Nasema haloo, haloo, nani mwenzangu? Kimya! Watu wote wananiangalia mimi."

Namba ya kupigiwa niliweka yake. Kuku si ni wake?

"Shikamoo Baba," nikasema. "Aliyekupigia ni banda lako."

Akanitazama, akaingia ndani.

Sawa. Akitaja mbwa tena, naufungua mlango wa banda.