Homa Uliyoitaja Mbele ya Benchi

Mama yangu mpenzi,

Mwenyezi Mungu akurehemu huko uliko. Nakuandikia nikiwa muuguzi mwenye shahada, jambo ulilowatangazia wauza ndizi wa Kombani kabla hata sijamaliza shule ya msingi.

Unakumbuka tulivyokuwa tukienda zahanati, buibui likikupwaya kwa kukonda? Kila mara ulisema una homa, na kila mara tulirudi na dawa za malaria. Neno kisukari tulilisikia kwa mara ya kwanza katika hospitali ya Msambweni, nawe ulikuwa umekwisha kupoteza fahamu. Tangu siku hiyo nimemshuku daktari wa zahanati yetu kwamba hakukuuliza lolote.

Mwezi uliopita nilihudhuria mafunzo Diani, nikiandaliwa kufanya kazi katika zahanati hiyohiyo. Mkufunzi alieleza kwamba maradhi ya watu wetu yamebadilika: malaria ingalipo, lakini kisukari na shinikizo la damu vimeongezeka, hivyo mhudumu asiridhike na neno la kwanza la mgonjwa. Daktari wetu, aliyekuwa ameketi nyuma, akajibu, "Mgonjwa akisema homa, namtibu homa. Mimi sipigi ramli."

Ukumbi ukacheka. Mimi nilishuku kwamba anakusema wewe.

Wakati wa chai nilimwamkia, nikamuuliza kama anakukumbuka.

"Mama yako nilimuuliza, mwanangu. Akageuka, akatazama benchi, akasema ni homa tu."

Sikumwamini. Marehemu husingiziwa kwa urahisi, kwa kuwa hawezi kukana. Hata hivyo, nililikumbuka benchi lile la mlangoni, mawifi zako wamejipanga, masikio wazi. Ndipo shaka yangu ilipokugeukia wewe, na nikaona haya.

Jumatatu nilianza kazi. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mama wa makamo. Nilifunga mlango, kama tulivyofunzwa. Akainuka, akaufungua mwenyewe.

"Wataka waseme nina ule ugonjwa?"

Kwetu, anayefungiwa mlango hudhaniwa ana UKIMWI. Kisha akageukia benchi, akapaza sauti kwamba ni homa tu. Nami nikapaza sauti kwamba nitampima homa. Nilipoinama kumtoboa kidole, nikamnong'oneza: usiku huamka mara ngapi kwenda msalani?

Akanitazama kana kwamba nilimchungulia dirishani. "Nani kakwambia?"

Sukari yake ilikuwa juu mno. Ameanza dawa.

Daktari bado simwamini kikamilifu. Ikiwa kweli alikuuliza, nashuku aliuliza kwa sauti iliyofika benchini, na kwangu mimi huko si kuuliza. Lakini njiani kurudi nyumbani tulikuwa wawili tu, mama. Nilikushika mkono nikakuuliza unaumwa nini, nawe ukanijibu ni homa. Hapakuwa na wifi wala jirani. Je, ulinificha, au nawe pia hukujua?

Lala salama. Nitaendelea kuwauliza wengine.

Ni mimi kitindamimba wako,
uliyenitaka nivae sare nyeupe.