Drili ya Begimay

Bishkek, 4 Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti limepoa, au bado linakusumbua ukishuka farasi? Mimi mzima, ila usingizi unanikimbia. Simu huisikii vizuri, ndiyo maana nimempa dereva wa At-Bashy barua hii.

Chumba nilichopanga hakina hata rafu. Vitabu viko sakafuni, na ukuta ni zege, kila msumari unapinda. Nataka kununua drili. Ya betri itaweza, au lazima ya waya? Umeme huku hukatika ovyo, nami nitaitumia mara mojamoja tu. Nichague ipi?

Binti yako,
Begimay

At-Bashy, 9 Novemba

Binti yangu,

Marahaba. Goti lina mdomo kuliko bibi yako. Theluji imeanza, kondoo wote wameshuka. Mama yako hajambo. Nikikutaja, anakwenda kukagua jiko.

Mtu hanunui farasi kwa safari ya kisimani. Hizo za betri ni za kukazia skrubu za kabati, zege litazicheka. Halafu ukishaweka rafu, umehamia. Mke aliyetoka kwa mumewe hatoboi kuta za watu. Hukaa na begi lake karibu na mlango mpaka wazee wamalize kuzungumza. Vumilia, nitatafuta njia.

Baba yako

Bishkek, 20 Novemba

Baba,

Shikamoo. Natumaini nyote mko salama.

Njia uliyoitafuta ilibisha hodi Jumapili. Kubat alisimama mlangoni na drili ya baba yake, ile nzito ya waya.

"Mzee wako kanituma," akasema. "Eti mke wangu ana ukuta unaomsumbua."

"Mlango pia unanisumbua," nikamwambia. "Unapitisha upepo."

Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo hakutoboa kitu. Alikaa akanywa chai, akanieleza nilivyomwaibisha, taratibu, kama mtu anayemsomesha mtoto. Akaondoka akiiacha drili chini ya meza ili apate sababu ya kurudi.

Ulimpa anwani yangu, Baba. Na unajua alinifungia nje kwenye theluji. Nilikuja kwenu miguu mitupu, ukanikanda nyayo wewe mwenyewe.

Drili yake nimempa dereva akuletee. Irudishe wewe.

Begimay

Bishkek, 1 Desemba

Baba,

Shikamoo. Hujajibu, sijui kama ni goti au ni mimi. Nashinda nikitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, kila hatua kwenye ngazi naisikiliza.

Jana nilikwenda soko la Osh. Muuzaji akaniambia, "Dada, njoo na mwanamume akuchagulie."

"Huyo mwanamume akatoboe kwake."

Akacheka. "Haya. Nyumba yako ya matofali au ya paneli za zege?"

"Paneli."

Akairudisha ndogo aliyokuwa ameishika. Ile, alisema, ni ya mbao na skrubu, kama ulivyosema wewe. Lakini zipo za betri zinazozunguka na kugonga kwa pamoja, nazo zege huliweza, ukiwa na subira na ncha ya kutobolea zege. Nilizishika moja baada ya nyingine, nimenyoosha mkono juu ya kichwa, mpaka nikapata ile ambayo nikiishika mkono wangu hauchoki.

"Dada, unachagua drili au mchumba?"

"Mchumba nilichaguliwa. Hii nachagua mwenyewe."

Rafu imekaa. Jirani wa chini aligonga mabomba kulalamikia kelele mpaka akachoka. Kisha nikageukia fremu ya mlango, nikafunga komeo kwa ndani. Nilianza na rafu kwa sababu niliona aibu kukuambia kwamba ni komeo nililolihitaji.

Begimay

At-Bashy, 12 Desemba

Binti yangu,

Marahaba. Barua zako zimefika, na sisi tu wazima.

Drili ya Kubat niliirudisha mwenyewe. Baba yake alitandika kitambaa cha chakula, akanisogezea mkate niumege japo kipande, kama anavyofanyiwa kila anayekanyaga nyumba ya mtu, hata mwenye haraka. Sikuumega.

"Asankul, umekasirika?" akauliza.

Nikamwambia, "Nimeleta mashine yenu."

Mkewe alinifuata hadi langoni na ule mkate mikononi, majirani wakitazama. Sikuumega. Yule mzee tumekuwa pamoja tangu jeshini, na sasa kijiji kizima kinajua nimeukata urafiki huo.

Kwa hiyo kwa Kubat huna tena pa kurudi, na mimi sina tena pa kunywea chai jioni.

Baba yako