Negativu Tatu za Mama

Kinoru, 4 Februari 2024

Dada Mukami,

Salamu nyingi. Hujambo huko Embu? Mama yangu hajambo kidogo, leo amekunywa uji wote.

Picha yake, kwa ule ufundi ulionifundisha wa kuchapa rangi kwa jua, imenishinda. Rangi ya buluu ilikaa vizuri juani. Nilipoosha karatasi, nikapaka ya njano na kuweka negativu ya pili, maana kila rangi ina yake, haikulingana tena. Sasa Mama ana macho manne! Nakutumia negativu zote tatu, unisaidie kuzipanga.

Wewe unajua alivyokataa kuvua mtandio. Dawa zimemmaliza nywele, hata shangazi hajamwona hivyo. Alikivua nilipomwapia kwamba picha ni ya chumbani kwake tu.

Mdogo wako,
Safiya

Embu, 26 Februari 2024

Mdogo wangu Safiya,

Sisi wazima, ila jua ni la kubahatisha. Mama namwombea.

Karatasi yako ilisinyaa ulipoiosha. Kabla ya rangi yoyote, iloweke kwenye maji moto, ikauke. Isinyae mapema, imalize. Mimi nilifanya hivyo, halafu nikatoboa matundu mawili pembeni, kwenye karatasi na kila negativu, nikazishikilia kwa misumari midogo. Buluu, njano, nyekundu, zote zikakaa mahali pamoja.

Safiya, niliitazama mpaka chai ikapoa. Pokea nakala ya Mama. Negativu nitazileta mwenyewe.

Dada yako,
Mukami

Kinoru, 19 Mei 2024

Dada,

Natumaini u mzima. Sisi si wazima.

Mama aliipenda ile nakala. Alicheka, akasema, "Kumbe bado niko!" Juzi Ijumaa binamu yangu Rukaya, anayesoma huko Embu, alikuja kumjulia hali. Akasema mbele ya watu, "Mama mdogo, nimekuona kwenye maonyesho ya picha, ukutani, mkubwa kama mlango!"

Mama alivuta mtandio mpaka kwenye nyusi. Walipoondoka akaniambia, "Uliniapia." Hajanisemesha tena.

Rukaya anasema chini ya picha pameandikwa jina lako. Ishushe leo, dada. Nakuomba.

Safiya

Embu, 2 Juni 2024

Safiya mdogo wangu,

Habari za mgonjwa? Usinikasirikie. Wiki tatu nilihangaika kuzilinganisha zile negativu, kazi ile ni yangu pia. Na sura kama ile kuifungia chumbani ni dhambi. Watu wanalia wakiiona, mwambie Mama hivyo. Nairobi pia wameiomba. Hapa inashuka tarehe thelathini, siwezi kuacha ukuta mtupu.

Dada yako,
Mukami

Kinoru, 11 Juni 2024

Mukami,

Mama alifariki Jumapili alfajiri. Tulimzika siku hiyo hiyo.

Tangu nilipokuandikia, aliniuliza neno moja tu kila asubuhi: "Wameishusha?" Nami nilimjibu, "Bado, Mama." Jumamosi barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Aliponiuliza, nikamwambia, "Wameishusha. Mukami mwenyewe ameitoa, na anakuomba radhi."

Akanishika mkono. Akasema, "Sasa nilegezee mtandio, kuna joto."

Negativu mpe Rukaya. Wewe usije.

Safiya