Gia Iko kwa Mama

Dada,

basi boneti ikakataa kufunga, tukaikaza kwa kamba. Injini ya lori ndani ya kipikapu cha baba, hebu fikiria! Giaboksi nayo ndefu, mkono wa gia umetokea upande wa abiria.

Fundi kasema, "Mzee, hii sasa ni ya kuendesha wawili."

Mama hakucheka. Tangu baba auze kabati la vyombo la mama anunue hiyo injini, hawasemeshani, mimi ndiye wa "mwambie baba yako". Leo kafunga mizigo, anarudi kwao, na wa kumpeleka ni baba huyohuyo. Nimepakia kila kitu kimya, unanijua. Nakuandikia nikiwa huku nyuma, juu ya godoro.

Gari linanguruma, mama kakaa kiti cha abiria gia ikiwa kwake, na uani hapa hutoki bila kurudi nyuma.

"Mama watoto, tia rivasi."

"Kumbe unanijua?"

"Nakuomba, mke wangu."

"Na kabati langu?"

"Nitalirudisha. Nimekosa."

"Basi zima gari, unamaliza mafuta bure."

Naachia hapa dada, mama ananiita nishushe godoro.

Mdogo wako